Kidole Gumba cha Mguu Kikiuma: Tazama Kwanza, Tibu Baadaye



Ng'ombe wako wa maziwa akianza kuchechemea asubuhi, wafanya nini? Hukimbilii sindano. Wamfunga, wamwinua mguu, waosha matope, kisha watazama. Pengine ni jiwe lililokwama kati ya kwato. Pengine kwato zimekuwa ndefu mno na zataka kukatwa. Pengine nyama imeanza kuoza na kunuka. Au pengine mate yamtoka na midomo ina malengelenge, nawe watambua kuwa huo ni ugonjwa wa miguu na midomo, na yakupasa kumwarifu ofisa wa mifugo siku ile ile. Mambo hayo manne yote humfanya ng'ombe achechemee, lakini dawa yake si moja.

Sasa tuseme mguu unaouma ni wako mwenyewe, na mahali penyewe ni kidole gumba. Je, hufanya vivyo hivyo? Wengi hawafanyi. Mmoja humtuma mtoto dukani akanunue vidonge vya maumivu. Wa pili husema, "Ni baridi tu ya huku Molo, itaondoka." Wa tatu hutwaa pini akachokoa. Wa nne hutafuta chupa ya dawa ya ng'ombe iliyobaki. Wote wanne wametibu kabla ya kutazama, na kila mmoja aweza kujiongezea taabu.

Somo la mwezi huu ni hilo. Maumivu ya kidole gumba yana sababu nyingi, na kila sababu ina alama zake na matibabu yake. Ukijifunza kuzitambua alama, utajua lipi la kutibiwa nyumbani, lipi la kupelekwa zahanati, na lipi lisilongoja hata kesho. Lisome somo hili pamoja na watu wa nyumbani mwako, maana kidole cha mama au cha mtoto kina haki sawa na chako.

1. KIDOLE KIMOJA, SHAMBA ZIMA

Serikali ilipoanza mwaka 1962 mpango wa ekari milioni moja, wa kununua mashamba ya walowezi na kuyagawia familia za wakulima, kazi ya skimu ilikuwa kazi ya mikono na miguu. Kwa wengi wetu bado ni hivyo. Viazi vya Kuresoi huchimbwa kwa jembe. Mahindi ya Rongai na Subukia hupaliliwa mstari kwa mstari. Pareto huchumwa kwa kusimama mtelemkoni, na ng'ombe hukamuliwa kila siku, iwe Jumapili iwe sikukuu.

Kila upigapo hatua, uzito wa mwili hupita juu ya kidole gumba kabla mguu haujaondoka chini. Ndicho kinachosukuma. Ukipanda mlima na gunia mgongoni, ukisukuma toroli, au ukikanyaga sepeto ili iingie ardhini, kazi kubwa ni yake. Ndiyo maana mtu mwenye nguvu zote za mwili, akiumwa na kidole hicho, hukaa kitako kama mgonjwa wa homa. Akikaa wiki mbili katika mwezi wa Machi au Aprili, mvua ya kupandia itampita, na hasara yake itaonekana ghalani wakati wa mavuno.

2. NAMNA YA KUTAZAMA

Osha miguu yote miwili kwa maji na sabuni, uikaushe, kisha uketi mahali penye mwanga wa kutosha. Tazama mguu mzima kwanza, kisha mbovu, uone tofauti. Jiulize maswali haya:

(a) Maumivu yalianza lini, na yalianzaje? Ghafla usiku, au pole pole kwa wiki nyingi? Je, kuna kitu kilichokiangukia au kukikanyaga?

(b) Panapouma hasa ni wapi? Ni pembeni mwa ukucha, ni kwenye ncha, ni chini ya wayo, au ni kwenye kifundo kikubwa pale kidole kinapoungana na mguu?

(c) Je, pana jeraha, usaha, au nukta nyeusi ndani ya uvimbe mweupe?

(d) Je, pana joto? Weka nyuma ya kiganja chako juu ya kidole kibovu, kisha juu ya kile kizima. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Ngozi huonekana nyeusi zaidi au ya zambarau, na kung'aa kwa kuvutika. Kwa hiyo joto ni shahidi mwema kuliko rangi.

(e) Je, kidole kinahisi? Fumba macho, mtu akuguse polepole kwa pamba. Kama huhisi kitu, soma sehemu ya 8 kabla ya nyingine zote.

Sasa tuzichukue sababu moja moja.

3. UKUCHA ULIOINGIA NYAMANI

Alama zake: maumivu yako pembeni mwa ukucha, nyama ya upande huo imevimba, na ukibonyeza waruka. Baadaye hutoka maji au usaha.

Sababu kubwa ni ukataji mbaya wa kucha. Mtu huzikata kwa wembe, akazungusha pembe zikawa duara kama kucha za mkononi. Pembe iliyobaki chini hukua kuelekea mbele na kuchoma nyama kama mwiba. Kiatu chenye ncha nyembamba, au gambuti linalobana, husukuma nyama juu ya pembe hiyo.

Matibabu ya nyumbani, kama hapana usaha: tia chumvi kidogo katika maji ya uvuguvugu, uloweke mguu robo saa, mara tatu au nne kwa siku. Kausha vizuri. Kisha twaa uzi mdogo wa pamba safi, uupenyeze polepole chini ya pembe ya ukucha ili iinuke juu ya nyama. Badili pamba kila siku. Vaa ndala au viatu vipana mpaka kipone. Usiikate pembe kwa wembe ili "kuitoa." Utapata nafuu ya siku mbili, kisha ukucha utakua tena na kuchoma ndani zaidi.

Kama pana usaha, au taabu yenyewe hurudi kila mara, nenda zahanati. Hospitalini watatia ganzi na kuondoa kipande chembamba cha ukucha upande ule. Ni kazi ya muda mfupi, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile.

Kinga yake haina gharama: kata kucha za miguuni moja kwa moja kama ubao, wala usizikate fupi mno.

4. FUNZA

Alama zake: mwasho kwanza, kisha maumivu; uvimbe mdogo mweupe wenye nukta nyeusi katikati, mara nyingi kandokando ya ukucha, chini ya vidole, au kisiginoni.

Wengi hudhani funza amekuwa Afrika tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1872 aliletwa na meli kutoka Brazil hadi Angola, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara zima hadi pwani yetu, akisafiri katika miguu ya watu na misafara.

Anayeingia mguuni ni jike. Huchimba ngozi na kubakisha nje ncha ya nyuma tu. Hiyo ndiyo nukta nyeusi uionayo. Ndani ya wiki moja hivi tumbo lake hujaa mayai akawa sawa na punje ya njegere. Mayai hutoka na kuanguka mavumbini, na katika wiki tatu hivi funza wapya wako tayari kuingia. Kwa hiyo kumtoa mmoja mguuni bila kutengeneza sakafu ni kazi isiyokwisha. Vumbi laini la udongo wetu wa volkano, ndani ya nyumba isiyomwagiwa maji, ni kitalu chake.

Matibabu: kama ni mmoja au wawili, mhudumu wa afya aweza kuwatoa kwa sindano safi iliyochemshwa, kisha kidonda kioshwe kwa dawa ya kuulia vijidudu. Pini moja isipite mguu baada ya mguu! Damu ya mmoja hubebwa kwa mwingine, na pamoja nayo ugonjwa wa ini au virusi vya ukimwi. Kama ni wengi, usiwachokoe. Uliza zahanati juu ya mafuta ya dimetikoni, ambayo hupakwa juu ya nukta nyeusi na kumziba funza pumzi. Jaribio lililofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kuwa mafuta hayo huua funza wengi zaidi kuliko kuloweka miguu katika dawa ile ya zambarau ya pamanganeti.

Usipake mafuta ya taa. Usipake dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Dawa ya kupe ni sumu. Hupenya kwenye ngozi yenye vidonda na kuingia mwilini, na mtoto aweza kufa.

Kinga: mwagia sakafu ya udongo maji kila siku kabla ya kufagia, au uisiribe, ukipata uwezo, weka saruji. Osha miguu ya watoto kila jioni kwa sabuni. Usilaze mbwa, mbuzi wala nguruwe mahali wanapolala watu, na uwatazame wao pia, kwani funza huwaingia. Tena, usimcheke mwenye funza. Aibu humfanya ajifiche, na akijificha funza huzidi.

5. KIDOLE KILICHOPIGWA AU KUKANYAGWA

Alama zake zajulikana: ng'ombe amekukanyaga wakati wa kukamua, jembe limeteleza, kigogo kimeanguka.

Kwanza, toa kiatu upesi kabla mguu haujavimba. Tia mguu katika maji baridi kwa dakika 15 hivi, au uufunge kwa kitambaa kilichoroweshwa, kisha ulale na mguu umeinuliwa juu ya mto. Usikande kwa maji ya moto siku ya kwanza, maana joto huongeza uvimbe.

Kama damu imekusanyika chini ya ukucha ikawa nyeusi na kugonga kama ngoma, usiutoboe ukucha kwa msumari wa moto. Zahanati hutoboa kwa usafi, na maumivu hupungua mara moja. Kama kidole kimepinda, au huwezi kukikanyagia hata kesho yake, huenda mfupa umevunjika. Kidole gumba kilichovunjika chataka picha ya eksirei. Usikifunge kienyeji na kidole cha pili ukarudi shambani, maana kikiungana vibaya kitakuuma muda wote.

Kama ngozi imepasuka, hata kidogo tu, fikiri juu ya pepopunda. Mbegu za ugonjwa huu hukaa udongoni na katika samadi, nazo ndizo ardhi ya shamba lako. Huingia kwa kidonda kidogo chenye uchafu, na siku kadhaa baadaye taya hukaza, kisha mwili wote. Wengi walioshikwa hawaponi. Akina mama huchanjwa pepopunda wanapokuwa wajawazito. Wanaume je? Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1980. Mwanamume aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajapata chanjo hii hata mara moja, na hata aliyepata utotoni nguvu yake hupungua. Kwa hiyo ukijikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha nenda ukachanjwe siku ile ile. Ng'ombe wako huwachanja kabla ugonjwa haujaingia bomani. Jitendee na wewe hivyo.

6. JONGO

Ugonjwa huu watu wengi siku hizi huuita gauti. Alama zake ni hizi: mtu hulala mzima, na usiku wa manane huamshwa na maumivu makali kwenye kifundo kikubwa cha kidole gumba. Kabla ya mapambazuko kifundo kimevimba, chang'aa, kina moto. Hata shuka likikigusa hupiga kelele. Hapana jeraha, hapana mwiba, wala hakikukanyagwa. Baada ya wiki moja au mbili maumivu huondoka yenyewe, naye husema, "Nimepona." Kumbe hajapona. Miezi kadhaa baadaye hurudi.

Sababu yake ni nini? Mwili, unapovunja chembe zake zilizochakaa na baadhi ya vyakula, hutoa taka iitwayo asidi ya yuriki. Mafigo huitoa kwa mkojo. Ikiwa nyingi kuliko mafigo yanavyoweza kutoa, hujilimbikiza katika damu, kisha huganda katika viungo kuwa chembe kama sindano ndogo ndogo. Askari wa mwili huzishambulia chembe hizo, na vita hivyo ndivyo moto na uvimbe. Asidi hiyo huganda upesi mahali penye baridi, na mguu uko mbali na moyo, una baridi kuliko tumbo. Hiyo ni sababu moja ya jongo kupenda kidole gumba. Basi anayelaumu baridi ya Molo ana chembe ya ukweli, lakini baridi peke yake hailetí jongo kwa mtu ambaye asidi yake si nyingi.

Zamani Ulaya waliuita ugonjwa wa wafalme, kwa sababu uliwashika walao nyama na kunywa divai. Jina hilo limewadanganya wengi. Sehemu kubwa ya asidi hutengenezwa na mwili wenyewe, na wengine hurithi mafigo yasiyoitoa vizuri. Huwashika zaidi wanaume waliopita miaka 40, na wanawake baada ya kukoma hedhi. Kwa hiyo tusimwite mgonjwa mlafi.

Hata hivyo chakula na kinywaji vina sehemu yao. Vinavyochochea ni pombe, hasa bia na pombe kali. Nyama nyingi, hasa maini, figo na matumbo. Na soda zenye sukari. Siku ya malipo ya maziwa mtu hula nyama ya kuchoma kilo nzima, akateremsha kwa chupa kadhaa, asinywe maji. Usiku wa pili kidole chawaka. Huko Marekani wataalamu waliwafuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, wakatoa habari mwaka 2004: waliokula nyama na samaki kwa wingi walipata jongo zaidi, lakini waliokunywa maziwa walipata kidogo. Nao waliokula kunde, maharagwe na mboga hawakuongezewa hatari. Kwa hiyo usimkataze mgonjwa githeri na mboga zake, na kikombe cha maziwa usimnyime. Chakula chema kwake kiko katika shamba lako.

Dawa zake ni za namna mbili, na kosa kubwa ni kuzichanganya.

Namna ya kwanza ni ya kuzima moto. Pumzisha mguu, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa maji mengi. Daktari aweza kukupa vidonge vya kupunguza uvimbe kama ibuprofeni au diklofenaki, au dawa ya kolchisini, ambayo asili yake ni mmea wa maua na imetumika kwa jongo tangu kale. Zikianzwa mapema, siku ile ile, hufaa zaidi. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba asinunue ibuprofeni wala diklofenaki dukani kwa shauri lake mwenyewe. Zaweza kumtoa damu tumboni au kuyaharibu mafigo. Kolchisini ikizidi ni sumu. Wala aspirini haifai hapa, kwa kuwa vidonge vichache vyake huzuia asidi isitoke.

Namna ya pili ni ya kuondoa kuni zenyewe. Dawa ijulikanayo zaidi ni alopurinoli, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960. Hii haizimi maumivu ya leo. Hupunguza asidi katika damu mpaka chembe zilizoganda ziyeyuke. Hupewa wanaoshikwa mara kwa mara, au wenye vinundu au mawe ya figo. Huanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa pole pole, tena humezwa kila siku, kwa miaka. Katika miezi ya kwanza jongo laweza kushika tena. Usikate tamaa ukaitupa dawa. Lakini ukitokwa na vipele mwilini, iache na umwone daktari siku hiyo hiyo.

Mambo mengine mawili. Wewe unayemeza dawa ya presha, mwambie daktari, kwani baadhi ya dawa za kuongeza mkojo huzidisha asidi. Lakini usiiache bila ruhusa yake. Tena, kipimo cha damu siku ya maumivu chaweza kuonyesha asidi kuwa ya kawaida. Kipimo chapasa kurudiwa wiki mbili au zaidi baada ya kupona.

7. KIFUNDO KILICHOKOMAA AU KUPINDA

Alama zake: maumivu hayakuja ghafla. Yamekuja pole pole kwa miezi au miaka. Kidole hakikunjiki vizuri kama zamani, huuma ukipanda mlima au ukichuchumaa kupalilia. Au kifundo kimechomoza nje, na kidole kimelalia vidole vingine.

Huku ni kuchakaa kwa kiungo, kama bawaba ya lango la boma iliyofunguliwa kwa miaka mingi. Viatu vyembamba vya mbele huzidisha. Hapana kidonge kitakachorudisha kiungo kuwa kipya, lakini nafuu ipo: vaa kiatu kipana mbele chenye soli ngumu isiyopinda sana. Kama gambuti labana, nunua kubwa zaidi na uvae soksi nene. Maumivu yakizuia kazi, mwone daktari.

8. KIDOLE KISICHOUMA NDICHO CHA KUOGOPWA

Mkulima, maumivu ni mlinzi. Mlinzi akilala, mwizi huingia. Mwenye kisukari kwa muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguu yake hufa ganzi. Huchomwa na mwiba, huvaa kiatu chenye kokoto kutwa nzima, asihisi. Kidonda huoza pole pole, na damu isipofika vizuri kidole huwa cheusi. Wengi hufika hospitali wakati hakuna jingine ila kukata.

Basi kila mwenye kidonda cha kidole kisichopona kwa wiki mbili, na kila anayehisi ganzi, kiu nyingi na kukojoa mara nyingi, apimwe sukari. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii katika kaunti zote walianza kupewa mikoba yenye kipimo cha sukari na cha presha. Muulize yule wa kijiji chako. Kipimo ni tone moja la damu. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, asitembee pekupeku hata uani, wala asiloweke miguu katika maji ya moto.

9. USINGOJE KESHO

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja la haya:

- Homa au kutetemeka pamoja na kidole chenye moto. Jongo laweza kuleta homa, lakini usaha ndani ya kiungo pia huleta, nao huharibu kiungo kwa siku chache. Daktari ndiye wa kutofautisha.
- Mstari mwekundu au mweusi unaopanda mguuni, au mtoki kinenani.
- Kidole kilichogeuka cheusi, kilichopoa, au kinachonuka.
- Taya kukaza au shingo kuwa ngumu baada ya kujikata.
- Kidonda chochote kwa mwenye kisukari.

Zahanati ikishindwa itakupa barua. Ziko hospitali Molo, Njoro, Olenguruone, Subukia, Bahati, Gilgil na Naivasha, na kubwa yao iko mjini Nakuru. Chukua pamoja nawe pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile za dukani na za miti shamba, ili daktari ajue la kufanya.

Na dawa za mifugo zibaki za mifugo. Kipimo cha ng'ombe wa kilo 400 si kipimo cha mtu.

10. MAMBO YA KUKUMBUKA

Uchungu pembeni mwa ukucha: ukucha umeingia nyamani. Nukta nyeusi: funza. Kishindo au jeraha: maji baridi, na chanjo ya pepopunda. Moto wa ghafla usiku kwenye kifundo: jongo. Ukavu wa miaka: kiungo kimechakaa. Ganzi: pima sukari.

Kata kucha moja kwa moja. Osha miguu kila jioni. Vaa gambuti ukiingia bomani na ukichimba viazi. Mwagia sakafu maji. Kunywa maji mengi kuliko bia.

MASWALI

Someni haya katika kikundi chenu, mjibu bila kutazama juu:

1. Mkulima ameamka saa nane ya usiku, kifundo cha kidole gumba kina moto, na hapana jeraha. Jirani yake amempa aspirini. Je, amefanya vema? Eleza.
2. Kwa nini kutoa funza mguuni hakutoshi?
3. Mwanamume wa miaka 50 amejikata kidole kwa jembe lenye samadi. Amefunga kidonda kwa kitambaa akaendelea na kazi. Amesahau nini?
4. Mama ana kisukari, na kidonda chake hakimuumi hata kidogo. Je, afurahi?
5. Leo jioni tazama miguu ya kila mtu nyumbani mwako. Umeona nini, na utafanya nini kesho asubuhi?

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo halijibiwi kwa karatasi. Teka maji, twaa sabuni, uwaite watoto.